Anayetafunia Upande Mmoja

Daktari wa wanyama alifungua mdomo wa Kibibi, tumbili mzee wa bustani yetu ya wanyama aliyelazwa kwa sindano ya usingizi, akainama kuchungulia. Chini ya ulimi palikuwa na uvimbe mweupe uliochimbika katikati.

"Saratani," akasema. "Mbona hukusema mapema?"

Hukusema! Miezi minne namwambia daktari huyu kwamba Kibibi anatafunia upande mmoja, ndizi zinamwanguka mdomoni. Naye, mwenye vyeti ukuta mzima, akachungulia kupitia kioo, leso puani: "Anadeka tu huyo. Mzee, kazi yako kufagia."

Akavua glavu, akatema ugoro wake wa kila siku, akachukua mkate. Akatafuna polepole, upande wa kulia tu, uso umemkunjamana.

"Unaumwa, daktari?"

"Kidonda kidogo, hapa chini ya ulimi."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili hivi. Kwani nawe siku hizi umekuwa daktari?"

Nikamtazama Kibibi, mdomo wazi mezani. Nikamgeukia yeye.

"Daktari, hicho kidonda chako..."

"Mzee! Nenda kafagie."

Nikachukua fagio. Siku hiyo nilifagia vizuri sana.