Mzigo wa Panya

Zamani hizo huko Uchina, wanyama nao walikuwa na ngazi yao: juu Korongo msomi, chini yake Ng'ombe mkulima, kisha Buibui fundi, na mwisho kabisa Panya mchuuzi. Panya aliuza hariri nchi nzima, lakini sheria ilimkataza yeye na jamaa zake wote kuivaa.

Majira ya baridi mama yake akaugua, akawa hana la kufanya ila kutetemeka. Panya akapiga moyo konde, akamzungushia jora zima la hariri, akambeba mgongoni kumpeleka kwa mganga. Njiani akakutana ana kwa ana na Korongo, mlinzi wa sheria.

"Umebeba nini?"

Panya akajibu, "Bidhaa, mheshimiwa."

Bidhaa ikakohoa.

Korongo akainamisha shingo yake ndefu, akaikamata hariri kwa mdomo. Panya akafumba macho. Lakini Korongo hakuivua. Aliipandisha taratibu, akamfunika yule ajuza masikio.

"Sheria imekataza kuvaa, haikukataza kubeba," akasema. "Ila funga vizuri, mwanangu. Bidhaa kama hiyo nami nilikuwa nayo, baridi ikaninyang'anya."