Sabuni Tano za Asilimia

Hivi wewe umeshakutana na mtu anayekuuliza swali, na jibu kaja nalo mwenyewe mfukoni? Basi huyo ndiye mtafiti wetu wa masoko. Ofisini walimbandika jina la Asilimia, kwa sababu hata ukimuuliza kama ameshiba atakujibu, "Kwa asilimia themanini."

Siku hiyo alikuwa sebuleni kwa shangazi yake, kompyuta kaipakata, viatu hakuvua. Chini ya dirisha madumu yalipangwa mawili mawili, mifuniko imekazwa vizuri. Harufu ya sabuni ilikupokea tangu mlangoni. Asilimia alikuwa amekifuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia.

Usidhani alikuja kusalimia. Miaka mitatu hakukanyaga pale. Alikuja kwa sababu kiwanda cha sabuni ya Povu Dume kilikuwa kimekimbiwa na wateja upande ule wa mji, na wenye kiwanda walimwambia bila kumung'unya maneno: tuambie wamehamia sabuni gani, ukishindwa kazi tunampa mwingine. Dodoso lake la mtandaoni, maswali kumi na mawili, lilikuwa tayari. Lilibaki kujaribiwa na mtu wa chini kabisa, aone kama atalielewa. Akatafuta kichwani mwake nani wa chini kabisa, akamwona shangazi, yule yule aliyemsomesha kwa kufua nguo za watu.

"Shangazi, shika simu. Ukiona kiduara, unagusa. Usiogope, haking'ati."

"Nimeshagusa, baba. Kinaniuliza umri. Naona kuanzia hamsini kwenda juu mmetutia kapu moja, mimi na marehemu bibi yako."

"Wewe jaza tu."

Akajaza. Vidole vyake vilikuwa vikavu, ngozi imechunika kwenye vifundo. Asilimia alivitazama kama mtu anayetazama matope kwenye gari jipya.

Swali la nne liliuliza: unafulia sabuni ipi kati ya hizi? Zilikuwa tano, kila moja na picha yake, ya kwanza Povu Dume.

Shangazi akasogeza miwani. "Mbona hapa sioni..."

"Soma taratibu, shangazi. Zote zipo."

"Sabuni zote ni hizi tano?"

"Hizi ndizo sabuni. Zenye kiwanda, zenye matangazo. Mwanzoni niliweka na kisanduku cha 'Nyingine, taja', nikakifuta. Watu wa huku ukiwapa mahali pa kuandika watakuandikia matatizo ya ukoo mzima."

"Lakini mimi ninayofulia..."

"Gusa yoyote, twende."

Akagusa Povu Dume, maana ndiyo iliyokuwa karibu na kidole. Asilimia akatabasamu kama mwalimu aliyefaulisha.

Hodi ikapigwa. Akaingia jirani na chupa mbili tupu kwapani. "Shikamoo, mama. Ipo?"

"Marahaba. Ipo, pita uani wakujazie."

Hajapotea huyo, akaingia mwingine na ndoo yenye kifuniko. Nyuma yake mpishi wa shule, aproni bado kiunoni, na dumu tupu kila mkono. Wote wakapita uani.

Asilimia akavuta miguu yake ndani, wasije wakaigusa. "Yaani mtaa huu hata maji hakuna? Mpaka waje kuombaomba kwa mfua nguo?"

Shangazi akashusha simu. "Hawaombi, baba."

"Haya, haya. Swali la tano."

Wakaenda hivyo hivyo. Kila mara shangazi wa watu akifungua mdomo, mpwa anaufunga. Alipofika swali la kumi na moja, kama uliwahi kuacha Povu Dume ni kwa nini, shangazi aliweka simu mapajani kabisa.

"Hili ngoja nikueleze kwa mdomo. Ile sabuni yenu inakula mikono, halafu povu..."

"Shangazi! Mdomo hauhesabiki. Bei, harufu, au haipatikani. Chagua!"

Akachagua harufu, yaishe.

Asilimia akatazama saa. Dakika kumi na nne. Akampigia bosi wake pale pale, wala hakushusha sauti. "Mkuu, liko safi. Mama mmoja mfua nguo, elimu hana, kalimaliza. Kama huyu kaliweza, hata mbuzi ataliweza. Kesho asubuhi nitakutajia nani kachukua wateja. Ni mmoja kati ya hao wanne, hana pa kujificha."

Shangazi alikuwa akikunja kitambaa cha meza. Akakikunjua, akakikunja tena.

"Baba, kabla hujalituma..."

"Subiri."

Akabonyeza. Simu elfu nane zikapokea dodoso kwa mpigo mmoja. "Tayari! Hili likishatoka, shangazi, halirudi wala halirekebishwi. Ndiyo kazi ya kitaalamu hiyo."

Kwa furaha hiyo roho ikamlainika kidogo. Akafunga kompyuta, akafuta na vumbi lisilokuwepo kwenye begi, akasimama mlangoni na ule uungwana wa mtu anayeondoka.

"Haya, shangazi, nina dakika mbili. Muda wote huo ulikuwa unataka kusema nini?"

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena.

"Nilitaka kukuambia kwamba nguo za watu niliacha kufua mwaka juzi, baba. Siku hizi natengeneza sabuni. Hao wateja mnaowatafuta ninao mimi."