Mwizi wa Uji wa Mtoto wa Pimbi

Sikilizeni, na atakayesinzia shauri yake.

Mama Pimbi alikuwa mwepesi wa kushuku. Mwanawe wa pekee alikunywa mabakuli matatu ya uji kila siku, lakini miguu ilizidi kuwa njiti na tumbo likavimba kama ngoma. Siku moja akaanguka njiani akienda shule.

"Chakula chake kinaibwa," alisema Mama Pimbi. Akamkamata jirani yake Nguchiro, akamfunga kamba mlangoni.

"Mama wee, mimi na uji wapi na wapi? Mimi nakula nyoka!"

"Funga domo, mwizi!"

Siku ya saba mtoto alishindwa hata kuinua kichwa.

"Jirani," alisema Nguchiro, "mimi nimefungwa wiki nzima. Uji wa wiki hii kauiba nani?"

Mama Pimbi akaitazama kamba, bado imekaza. Nguchiro akaendelea:

"Mtoto anacheza palepale mnapokunya, kisha anakula bila kunawa. Mwizi yumo tumboni mwake. Kalete dawa ya minyoo, ukichelewa utazika."

Mama Pimbi alikimbia bila hata kufunga mlango, akarudi na dawa, akamnywesha. Kesho yake minyoo ilitoka fundo zima. Mtoto akafumbua macho, akaomba uji.

Mama Pimbi akamfungua Nguchiro, uso chini. "Nisamehe, jirani."

"Msamaha baadaye. Kwanza na wewe unywe dawa. Si unaonja uji kwa kidole kilekile unachomtawazia mtoto?"