Namba Ipo Tayari

"Namba ipo tayari," kompyuta ikajibu tena. Gradi akasonya.

Mafaili ya wakimbizi wengine wa Nakivale yalikuwa yameingia asubuhi hiyo bila ubishi kwenye mtambo wa kutafutia ndugu waliopotea. Hili moja tu, la Mama Georgette, lilikuwa limegoma. Gradi alishaondoa alama za Kifaransa juu ya herufi, akalihifadhi upya, akaiandika amri neno kwa neno. Wapi!

"Iko inakataa, mwanangu?" Mama Georgette aliuliza nyuma yake. Alikuwa amefika Mbarara na gari la kwanza kutoka Rwekubo. Binti yake Eliane alivuka mpaka wa Kikagate kwenda kuuza maharage Tanzania, na huu ulikuwa mwaka wa pili bila habari zake.

"Itakubali, mama. Mashini ya kunishinda haijazaliwa. Nisomee tena namba ya kadi yenu ya chakula."

Kila familia iliingizwa kwa namba hiyo, namba moja faili moja. Mama Georgette akaitaja bila kufungua mkoba.

"Bote ku nyumba tunaijua. Eliane alikuwa anaiimba ku foleni ya unga, mpaka batu banacheka."

Afsa, mwenye duka la intaneti na soda, akainua macho. "Gwe Gradi, fungua kwanza tuone hiyo iko ndani ni ya nani."

"Ni yangu. Jana nilikuwa naituma, umeme ukakatika."

"Una uhakika?"

Gradi akarudisha vidole kwenye kibodi. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, gizani na juani; hakuwa mtu wa kuelekezwa na muuza soda.

"Haya, fundi wa mafundi," Afsa akacheka.

Gradi akaongeza neno moja mwishoni mwa amri: *funika*. Neno hilo halina majuto. Jipya likiingia, la zamani limekwenda, wala hakuna wa kulirudisha. Akabonyeza.

Safari hii mtambo haukubisha.

"Imeingia!"

Mama Georgette akapiga vigelegele hadi wapita njia wakachungulia. "Bwana asifiwe! Sasa tutasikizana na mutoto wangu!"

Kwa madaha Gradi akamgeuzia kioo, ajisomee ushindi kwa macho yake. Mama Georgette akasoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo Zaburi, mpaka pale mstari ulipokatika ukingoni:

"Imepokelewa: Georgette, Nakivale. Imefutwa: Eliane. Ninamtafuta mama yangu Georgette, mimi niko..."