Breki za Mama

Asubuhi nilikuwa nafuta gari la Mama, nikabandua utepe mweusi kwenye kispika cha dashibodi nikidhani ni uchafu. Siku hizi spea iliyokarabatiwa lazima ijitaje gari likiwashwa, ila breki hizi za Mama hazijawahi kusema kitu. Baba alimwapia, "Mke wangu, mpya nimekufungia wewe."

Mama akawasha. Sauti ikasema, "Breki hizi zimekarabatiwa. Mmiliki wa zamani, Festo Kikoti."

Jina la Baba.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Fungua geti, mwanangu, wateja wananisubiri."

Akaondoka kwenda kushuka mlima Kitonga, wenye mteremko mkali na kona. Baba anaendesha humu mjini tu.

Nikamwandikia: "Baba, zile mpya ulijifungia wewe?"

Ameusoma ujumbe. Mama bado yuko njiani.