Vino au Venía

Kalamu nyekundu ilisimama kwenye mstari wa tisa, na mwalimu wa Kihispania akachekelea kama mtu aliyeokota pochi njiani.

"Nimekukamata!"

Mkewe alikaa upande wa pili wa meza ya chakula, mikono mapajani. Saa ya somo hakukuwa na mume wala mke humo ndani, kulikuwa na mwalimu na mbumbumbu. Wanafunzi wake shuleni walimwita Bwana Wakati Uliopita, naye kwa jinsi alivyojipenda alidhani ni sifa.

Mara mbili alikuwa amemfelisha mkewe kwa vitenzi vya wakati uliopita. Kampuni moja ya usafirishaji ilimtaka mama huyo aanze kazi wiki ijayo, ilimradi awe na cheti cha Kihispania, na cheti kilikuwa pale mezani kikingoja saini ya mumewe.

"Insha isiyo na kosa hata moja la kitenzi, nasaini papo hapo," mwalimu alikuwa ameapa. "Nikiona moja tu, rudi jikoni kwako."

Insha ilihusu mwaka uliopita nyumbani. Mistari minane ya kwanza haikuwa na doa, jambo lililomkera kupita kiasi.

"Hebu soma hapa."

Mkewe akasoma kwa Kihispania: mume wake alipokuwa kazini, fundi wa redio *venía*.

"*Venía*! Nikwambie mara ngapi? Ukisema *vino*, mtu alikuja mara moja, akaenda zake, yakaisha. Ukisema *venía*, alikuwa akija, leo yumo, kesho yumo, imekuwa mazoea. Kweli sikio la kufa halisikii dawa!"

"Kwa hiyo, mwalimu, *vino* ni siku moja tu?"

"Siku moja tu."

"Na *venía* ni kila wiki, mwaka mzima?"

"Hata mtoto wa chekechea angeshaelewa!" Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Redio yenyewe iliharibika mara moja, ikapona siku hiyohiyo. Sasa fundi aje kila wiki kufanya nini?"

Mkewe aliirudia sentensi yake polepole, kidole kikipita juu ya kila neno.

"Basi hakuna kosa, mume wangu," alisema, akamsogezea cheti. "Tia saini."