Chemli ya Syabumi

Saa kumi jioni taa nyekundu ya darini ilizimika: nyumba ya Atuganile imeruhusiwa moto. Kila kaya ya Tukuyu ilipata saa moja ya moto kwa mwaka, na wengi waliitumia kuchoma mahindi. Atuganile alitoa chemli ya mama yake, Syabumi, ambaye tangu masika alikuwa kitandani, hasemi wala hamtambui mtu.

Mlinzi wa moto wa mtaa alikaa mlangoni na ndoo ya mchanga. Kibiriti alikileta yeye, na ilimpasa kuondoka nacho.

"Dada, mafuta ya taa yananuka hivi, na watu walilala nayo?" mlinzi aliuliza.

"Na walisomea," alijibu Atuganile.

Hakuwahi kuwasha chemli. Alipandisha utambi wote, akidhani mwanga utaongezeka. Moshi ukafuka, kioo kikawa cheusi, king'ora cha moshi kikalia. Mlinzi akanyanyua ndoo.

"We Atu! Shusha utambi! Mafuta unadhani yanachotwa mtoni?"

Ilikuwa sauti ya Syabumi, kutoka kitandani. Atuganile akashusha utambi. King'ora kikanyamaza.

"Kikipoa, kifute hicho kioo. Kwa gazeti."

"Mama, magazeti hayapo siku hizi."

Syabumi akaangaza macho chumbani kama mgeni. "Basi kanga."

Muda ulipokwisha, aliomba aletewe chemli, akakinga kiganja juu ya kioo na kupuliza, ikazimika.

"Atu, kesho tutawasha saa ngapi?"

Darini taa nyekundu ilikuwa imeshawaka. Mlinzi alibeba ndoo yake akatoka. Kibiriti alikiacha mezani.